Basi Lililochuchumaa

Mwaka niliojifungua mtoto wangu wa kwanza, mume wangu naye alipata wake. Wake alikuwa wa bati, urefu inchi ishirini na saba, na ndani ya nyumba alipewa mahali pakavu kuliko mimi. Watu wa kanisani wameniambia nisamehe. Najaribu. Lakini kila nikifika kwenye habari ya sufuria kalamu inataka kutoboa karatasi.

Ilikuwa sufuria ndogo, niliyoletewa na dada yangu kwa ajili ya uji wangu wa uzazi. Asubuhi moja niliifunua nikakuta ndani kuna kitu cha rangi ya chai, kimeganda, kinanuka kama ng'ombe aliyekufa juzi.

"Umechemshia nini humu?"

"Gundi kidogo tu," mume wangu akasema. "Ile ya fundi, ya ngozi. Lazima ichemshwe taratibu. Nilikuwa nakuja kuiosha."

"Na uji wangu?"

"Kuna sufuria kubwa."

Ile kubwa tulikuwa tunapikia maharage ya siku mbili. Nikamwangalia. Akachukua kofia akaenda kazini.

Tulikaa Mbeya wakati huo, vyumba viwili na baraza pana lililotazama mlima. Mume wangu alikuwa karani wa stoo. Yeye na wenzake watatu walikuwa na klabu, na kazi ya klabu yao ilikuwa kutengeneza magari madogo yanayofanana kabisa na yale ya barabarani. Ukiyaita ya kuchezea walinuna. Mwenyekiti alikuwa karani wa mahakama, mtu mfupi aliyevaa tai hata Jumamosi, na kila walichosema wakiwa wamekaa alikiandika kwenye daftari kana kwamba kuna mtu atafungwa. Wa pili alikuwa fundi seremala. Wa tatu dresa wa hospitali, ambaye faida yake kubwa ilikuwa zile filamu za picha za mifupa zilizoharibika. Alizisugua kwa magadi mpaka zikatakata, wakazikata vioo vya madirisha. Ukiinamia vizuri dirisha la nyuma la lile basi ulikuwa bado unaona kivuli cha mbavu za mtu.

Ukumbi wa mji ulikuwa na dansi Jumamosi, kwa hiyo klabu ilikutana barazani kwangu. Nani aliyewapa ruhusa sikuambiwa. Nilichoambiwa ni chai.

Sasa ubishi mkubwa wa watu hawa ulikuwa kipimo. Walikubaliana inchi moja isimame badala ya futi moja. Yaani futi ishirini na saba za basi ziwe inchi ishirini na saba za bati. Hapo hapana shida. Shida ilikuja kwenye vitu vidogo, kwa sababu inchi ya basi la kweli lazima iwe sehemu ya kumi na mbili ya inchi, na rula zote za madukani zinagawa inchi mara nane au kumi na sita. Wakawa wanakisia. Mlango wa dereva ulitoka mpana kama wa zizi.

Mimi nimesoma mpaka darasa la kumi, na hesabu nilikuwa naongoza. Niliwasikiliza Jumamosi tatu wakigombana juu ya saba ya kumi na mbili, huku nikimnyonyesha mtoto nyuma ya mlango. Jumatatu, mtoto alipolala, nikachukua kadibodi ya boksi la sabuni nikachora mistari ya mshazari, kama tulivyofundishwa shuleni, nikapata inchi iliyogawanywa mara kumi na mbili barabara, nikaikata ikawa rula. Nilimpa mume wangu. Jumamosi ilipitishwa mkono kwa mkono kama mtoto wa ubatizo. Mwenyekiti akaandika kwenye daftari, nimeyasoma kwa macho yangu: "Klabu imepata rula mpya." Imepata. Kana kwamba iliporomoka kutoka mlimani ikatua barazani.

Kisha ikaja barua kutoka Iringa. Kule nako kulikuwa na klabu kama yao, wakasema tushindane. Kila upande utengeneze basi lile lile, lile kubwa linalokwenda na kurudi kati ya Mbeya na Iringa, ambalo wetu walikuwa wameshaanza kulijenga, na siku ya mashindano fundi mkuu wa gereji moja ya kule atalipima basi la kweli, halafu apime ya bati, aone lipi linakaribia zaidi. Mume wangu aliisoma barua akiwa amesimama. Mimi nilisikia neno moja tu, Iringa.

Mama yangu anakaa Kihesa, pembeni ya mji. Magoti yake mabovu, safari ya lori haiwezi. Mtoto alikuwa na miezi mitano, ana jina lake, na bado alikuwa hajamwona. Kila dereva aliyepita kwetu alikuwa na ujumbe wa mama. Wa mwisho ulisema: "Muulizeni huyo binti yangu kama mtoto ana pembe, maana naona anafichwa."

Nikamwambia mume wangu, "Na sisi tunakwenda."

"Sisi nani?"

"Mimi na mtoto."

Akakuna shingo. Lori lilikuwa la mwenye duka mmoja aliyekwenda kupakia mchele Ubaruku na kuupeleka Iringa. Mbele, pembeni ya dereva, wanaenea watu wawili waliobanana. "Mimi nitakaa mbele," alisema, "na basi."

"Basi lina tako?"

"Mama mtoto, nyuma litabondeka. Ni miezi saba ya kazi."

"Na huyu ni miezi tisa na mitano ya ziada. Yeye akae nyuma kwenye baridi ya Makambako, juu ya magunia?"

"Ndiyo maana nasema mbaki. Utakwenda safari nyingine."

Safari nyingine. Nilikwenda kufua, nikazifua shati zake mbili mpaka vifungo vikatoka. Nilivishona tena mwenyewe, jambo ambalo halikunisaidia.

Wiki mbili kabla ya safari basi lao lilikuwa limekwisha, rangi imekauka, magurudumu ya soli za viatu yametiwa. Wakaliweka juu ya meza yangu barazani. Dresa akatoa gololi mfukoni, akaipenyeza mlangoni ili aone kama sakafu imenyooka. Gololi ikaondoka mbele, ikapita katikati ya viti, ikaenda kugonga nyuma, kak. Akaitoa, akarudia. Kak.

"Meza yako imeinama, shemeji," akasema mwenyekiti.

"Meza yangu haijainama."

Wakaligeuza basi, kichwa huku, mkia kule. Gololi ikaenda nyuma vilevile. Ukiliangalia kwa mbali ulikuwa unaona kabisa limekaa kama mtu anayechuchumaa shambani.

Hapo wakaanza. Fundi alisema yeye alikata vibao vya chini kama alivyoandikiwa. Mume wangu alisema yeye aliandika kama alivyosomewa. Mwenyekiti alisema daftari halikosei. Dresa, ambaye vipimo havikumhusu, alisema pengine ni mbao, mbao za siku hizi zinapinda.

"Zinapinda upande mmoja tu?" fundi akamuuliza. "Wewe rudi kwenye vidonda vyako."

"Vidonda vyangu vinapona. Lako hilo naona linazidi kukaa."

"Shemeji," mwenyekiti akaniita, "hebu tuongezee chai watu watulie."

Nilileta chai. Nilipokuwa namimina, daftari lilikuwa wazi mbele yangu, nikalisoma kichwa chini miguu juu. Walikwenda stendi Jumamosi mbili kupima. Jumamosi ya kwanza walipima mbele: kutoka ardhini mpaka sakafuni inchi thelathini na sita. Ya pili walipima nyuma: inchi thelathini na mbili. Na chini yake, kwa mwandiko wake mzuri wa mahakamani: "Kipimo cha mlango wa nyuma hakikupatikana kwa sababu ya abiria na magunia."

Niliweka birika chini. Nikajua kila kitu, na nikajua vilevile kwamba nisiseme upesi.

"Mimi najua kilichoharibika," nikasema.

Wote wakageuka. Mume wangu, anayenijua, ndiye peke yake aliyeonekana kuogopa.

"Sema, shemeji."

"Nikisema, nakaa mbele kwenye lori. Mimi na mtoto."

"Na basi je?" akauliza fundi.

"Basi atalipakata mume wangu. Miezi saba amelipakata, siku mbili hazitamshinda."

"Mbele nafasi yangu pia ilikuwa imefikiriwa," mwenyekiti akasema taratibu. "Kama mwenyekiti."

Kumbe. Kumbe ndiyo sababu hapakuwa na nafasi. Mume wangu alikuwa anaangalia birika kwa makini sana.

"Vizuri," nikasema. "Mwenyekiti akae mbele na mlipeleke hivyo hivyo lilivyochuchumaa. Watu wa Iringa watadhani basi la Mbeya limekuja kujisaidia."

Dresa ndiye aliyecheka kwanza, chai ikampalia. Mwenyekiti alifunga daftari, akalifungua, akaandika kitu kirefu. Kisha akasema, "Nyuma kuna upepo mzuri."

Ndipo nikawaambia. Siku ya kwanza walikuta basi limeshusha watu wote, tupu, limenyanyuka. Siku ya pili walichelewa, kwa sababu walikuwa hapa hapa barazani wanakunywa chai na kubishana, wakalikuta limejaa watu na magunia linangoja kuondoka, springi za nyuma zimelala. Wamejenga basi lililo tupu mbele na lililoshiba nyuma. Fundi alishika kichwa. Mwenyekiti alisema jambo hilo lingeweza kumtokea mtu yeyote. Sikubishana naye. Nilikuwa nimeshapata kiti.

Walitaka kukisia tena urefu wa nyuma. Nikasema hakuna kukisia. Jumatano, siku basi linapoingia, nilifunga mtoto mgongoni nikaenda stendi mwenyewe na futikamba yangu ya kushonea, nikangoja mpaka gunia la mwisho limeshuka. Nilipoinama kwenye gurudumu la nyuma utingo akaniona.

"Mama, unalishonea sketi?"

"Gauni. Lina matiti makubwa kuliko akili yako."

Watu wa pale walifurahi sana. Utingo mwenyewe akanishikia ncha ya futikamba. Thelathini na sita, sawa na mbele. Fundi akaongeza kibao chembamba chini, sehemu nne za rula yangu, na gololi ikasimama katikati ya sakafu bila kwenda popote.

Tuliondoka Ijumaa. Mimi mbele na mtoto, mume wangu amebanwa mlangoni na basi mapajani, limefungwa kanga yangu, bila kuniuliza, bila shaka. Mwenyekiti na fundi nyuma. Dresa alikuwa zamu, akabaki. Ubaruku tulipakia mchele, tukalala Makambako kwa watu wa kanisa, na Jumamosi tulipita misitu ya misonobari ile michanga ya Mafinga ukungu ukiwa bado chini. Mume wangu alilishika basi lile siku mbili bila kulegeza mkono. Mtoto nilimshikisha mara moja, niliposhuka porini. Niliporudi nikamkuta amempakata mtoto kwa mkono mmoja na basi kwa mwingine, jasho linamtoka, na mtoto analamba rangi ya paa. Sitasema nilicheka. Lakini mpaka Iringa nilikuwa na moyo mwepesi.

Tulifika kabla ya saa sita. Mwenyekiti alishuka ana pumba za mchele mpaka kwenye nyusi, tai imegeuka nyuma. Ukumbi wa mashindano ulikuwa karibu na soko, kazi inaanza saa nane, na lori linarudi kesho baada ya ibada. Nilimfunga mtoto vizuri nikaokota kikapu.

"Unakwenda wapi, shemeji?" mwenyekiti akauliza.

"Kihesa."

"Baada ya mashindano, unamaanisha."

"Sasa hivi."

Akaniomba. Kwa kweli aliniomba, mbele ya watu. Fundi mkuu yule akiuliza vipimo vimepatikanaje, nani atamjibu? Mimi ndiye niliyechora rula, mimi ndiye niliyepima nyuma. Mume wangu akasema, "Saa mbili tu, mama mtoto. Mama yako hakimbii."

Nikafikiri. Nataka niseme kweli, nilitaka kubaki. Nilitaka nimwone mtu wa gereji akiweka rula yangu juu ya bati na kusema sawa. Hakuna aliyewahi kuikagua hesabu yangu tangu nilipotoka shuleni. Lakini saa mbili zao nilizijua, zilikuwa na kikombe cha chai katikati na hotuba mwishoni, na mama alikuwa amekaa mlangoni kwake tangu Krismasi.

"Daftari mnalo," nikasema. "Liandikeni jina langu akiuliza." Nikaenda kwa miguu.

Mama alikuwa anachambua maharage juani. Hakusimama, hawezi kusimama upesi, akanyoosha mikono yote miwili, maharage yakamwagika. "Kamwene," akamsalimu mtoto, si mimi. Akamvua nguo zote hapo hapo nje, akamgeuza mgongo, akamhesabu vidole, akamnusa shingo.

"Hana pembe," akasema kwa Kihehe.

"Nilikuambia nini?"

"Masikio ndiyo ya kwao. Lakini yatafunikwa na nywele." Kisha akalia kidogo, akajifuta kwa mguu wa mtoto, akaniuliza kama nimekula.

Mume wangu alikuja jioni jua lingali juu ya vilima, amebeba kanga yangu na basi ndani yake. Kwetu mkwe na mama mkwe hawakai pamoja, wala hawasemezani uso kwa uso. Akaketi nje kwenye kigoda, ametupa mgongo. Mama akakaa ndani, karibu na mlango. Mimi nikasimama kizingitini, maana mimi ndiye njia ya maneno yao.

Nilimuuliza kwanza habari za basi. Wameshindwa. Fundi mkuu alikwenda kulipima basi la kweli saa tisa, wakati limeshapakia watu na mizigo linataka kuondoka. Wa Iringa walikuwa wamepima lao likiwa limejaa, mbele na nyuma, likalingana kila mahali. Letu likazidi kimo, nyuma inchi nne nzima za basi la kweli.

"Tungeliacha lilivyokuwa," mume wangu akasema, "angalau nyuma tungepata. Wewe ungekuwepo ungemwambia alipime tupu. Mwenyekiti alijaribu. Alimsomea daftari."

Yaani kosa lilikuwa langu mara mbili, kwa kurekebisha na kwa kuondoka. Kabla sijafungua mdomo mama akasema kutoka ndani, "Mwambie mkwe wangu asante kwa kuja. Muulize, safari hii ni ya nini?"

Nikamgeuzia kwa Kiswahili. Mume wangu akanyoosha mgongo. Akasukuma kanga na basi nyuma ya kigoda kwa kisigino, akasema kwa sauti ya mzee wa kanisa, "Mwambie mama, tumemletea mjukuu wake. Nilisema lazima amwone."

Nilisimama pale kizingitini na maneno hayo mdomoni. Eti alisema! Nikayafikisha. Mama akaangalia juu. Nami nikaendelea, kwa Kihehe, kwamba hayo ndiyo anayoyasema, na kwamba kweli yenyewe ni kuwa amekuja kushindanisha gari la bati lililoko nyuma ya kigoda, kwamba kiti cha mbele alipewa karani wa mahakama, na kwamba mimi na mtoto tumekipata kwa kuuza hesabu.

Mume wangu Kihehe hakijui, lakini neno karani alilisikia. Mgongo wake ulipungua.

Mama alimpapasa mtoto. Kisha akacheka, tumbo lote likitikisika, mpaka mtoto akaanza kucheka naye bila kujua. Akasema, "Mwambie kuku anapikwa, firigisi ni yake. Halafu mwambie kesho aende salama na gari lake. Mtoto na mama yake watabaki kwangu mwezi mmoja. Magoti yangu yameona nafuu leo, nataka nione kama yataendelea."

Nikamwambia. Akatazama barabara. Nilijua anahesabu, nani atapika, nani atafua, Jumamosi nani atachemsha chai ya klabu.

"Mwambie mama, sawa," akasema.

Hilo nilimfikishia neno kwa neno.